Wasomaji Wanauliza: Ugomvi Huanzia Sentensi ya Kwanza

Barua za safari hii zimetoka Igombe, Buhongwa, Magu, Sengerema, Igogo na Ukerewe, na karibu zote zinauliza jambo lilelile: nimwambieje? Wengi wenu mnajua mnachokitaka. Kinachowashinda ni kukisema bila nyumba kuwaka moto. Tumechagua saba, tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa wenyewe.

Wahariri, habari za kazi. Mume wangu anavua dagaa, kambi yao iko visiwani. Giza likianza, yaani siku zisizo na mwezi, anaondoka; mbalamwezi ikiwaka anarudi kwa wiki moja hivi. Mimi nauza dagaa wakavu Mwaloni Kirumba, nalea watoto, nalipa kodi. Akirudi, siku ya kwanza ni furaha. Siku ya pili tumeshagombana, na ni pesa tu. Nikimuuliza ananyamaza, nikiendelea anavaa ndala anatoka. Nifanyeje tuongee kama watu wazima? – Mke wa mvuvi, Igombe

Dada, tuanze na saa kabla ya maneno. Mwenzako amekuwa akikesha na taa ziwani na kulala mchana. Mwili wake unafika nyumbani ukiwa bado na saa za kambini. Wewe nawe umekaa na maswali yako tangu alipoondoka, na yote yanataka kutoka kwa pamoja. Kwa hiyo siku ya kufika, pesa isijadiliwe kabisa. Aoge, ale, alale, watoto wamwone. Jioni mwambie: "Kesho watoto wakishalala, naomba tukae nusu saa tupange kodi na ada." Ndani ya sentensi hiyo kuna siku, kuna jambo na kuna muda. Ukimwambia tu "tuna mazungumzo" bila kutaja ya nini, utamkuta kesho ameshajipanga kujitetea, na huko kujipanga ndiko kunakomfanya anyamaze.

Halafu sentensi ya kwanza. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani, kwa miaka mingi aliwarekodi wanandoa wakizungumzia mambo wanayokosana. Katika utafiti aliouchapisha na Sybil Carrère mwaka 1999, waliwafuatilia wanandoa wapya 124 kwa miaka sita, wakaona kwamba dakika tatu za kwanza za mazungumzo hayo zilitosha kuonyesha dalili za nani watakuja kuachana. Mazungumzo yaliyoanza kwa ukali yalielekea kumalizika kwa ukali.

Sasa linganisha. "Hivi wewe pesa zako huwa zinaishia wapi? Kila mbalamwezi unarudi mikono mitupu, kama baba yako." Hapo kuna mashtaka matatu, na la tatu limemfuata mkweo kwake. Jaribu hivi: "Mwezi uliopita nililipa kodi na ada peke yangu, mtaji wangu ukabaki ndoo nne za dagaa. Nimeingiwa na hofu. Naomba kabla hujarudi kambini tukubaliane utatuma kiasi gani na siku gani." Kwanza umesema kilichotokea, kitu ambacho hata jirani angeweza kukihesabu. Kisha umesema kilivyokugusa wewe. Mwisho umeomba jambo linaloweza kufanyika na kuonekana limefanyika.

Watu wengi hukosea katikati hapo. "Nahisi wewe ni mchoyo" haisemi lolote kuhusu moyo wako. Ni tusi lililovalishwa neno "nahisi". Hofu, uchovu, aibu, upweke: hayo ndiyo ya moyo. Wengine hukosea mwishoni, wanaomba kitu kisicho na kipimo. "Uwe unajali familia" hakuna anayejua kimetimia lini. "Utume elfu hamsini kila Ijumaa" kinajulikana, na kama hakiwezekani naye atasema kinachowezekana. Tunapendekeza pia umpe nafasi ya kuanza yeye: "Giza hili lilikuwaje ziwani?" Sikiliza mpaka mwisho. Kama lilikuwa baya, utakuwa umelijua kabla ya kutaja kiasi, na hutaomba pesa ambayo haipo.

Kuhusu kutoka na ndala. Mtu akipandwa na hasira au hofu, moyo hukimbia, na Gottman anaeleza kwamba ukipita mapigo 100 kwa dakika, uwezo wa kusikiliza hushuka sana. Atasikia sauti yako, maana itampita. Mnaweza kupima: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Ikifika 25 katika hizo sekunde 15, simamisheni. Mwili huhitaji dakika 20 hivi au zaidi kutulia. Kwa hiyo kutoka kwake huenda si dharau. Kosa ni kutoka bila kusema atarudi lini, na kosa la pili ni wewe kumfuata hadi getini. Kubalianeni siku ambayo hakuna ugomvi: anayehisi amepanda atasema "nimepanda, narudi saa tatu", na saa tatu anarudi kweli. Anayebaki hafuati wala hapigi simu. Wakati wa mapumziko asikae akipanga hoja za kukujibu, maana moyo hautashuka. Atembee, amwagilie mboga, arekebishe mlango. Kijiweni hapafai, kwa sababu kule atapewa majibu ya ndoa za watu wengine. Pombe ndiyo kabisa.

Na msonyo, dada. Gottman anataja tabia nne zinazoua ndoa: kumshambulia mtu badala ya kusema tatizo, dharau, kujitetea kila wakati, na kujifungia kimya. Katika hizo, mbaya kuliko zote ni dharau, na kwetu dharau inakaa zaidi kwenye msonyo, kubinua mdomo na kumwigiza mtu sauti yake. Acheni hata kama maneno yenu bado ni makali. Wanandoa waliodumu, hata katikati ya mabishano, walikuwa na mema matano kwa kila baya moja. Mema yenyewe ni madogo tu: "hapo una haki", kumuongezea chai, kucheka kidogo mkikumbuka jambo.

La mwisho kwako: Gottman anakadiria kuwa asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haimaliziki, kwa sababu inatoka katika tofauti zao za tabia na maisha. Mwezi utaendelea kuwaka na mume wako ataendelea kuondoka. Msitafute kikao cha kumaliza jambo hili. Tafuteni kikao cha nusu saa kila mbalamwezi, siku ya pili, na daftari.

Shikamooni. Nina miaka 24, naendesha bodaboda Buhongwa, pikipiki ya mkataba. Ndugu na washkaji wananikopa kila siku, elfu tano, elfu kumi, hawarudishi. Nikitaka kukataa naona aibu. Hesabu ya kumpelekea bosi mwenye pikipiki inaanza kunishinda. – Kijana wa Buhongwa

Marahaba, mdogo wetu. Aibu yako haina ubaya, ila inakufanya uongee sana. Msikilize mtu anayeshindwa kukataa: "Leo sina, hesabu haijatimia, halafu tairi nayo imepasuka, na mama anaumwa..." Kila sababu unayoitoa, mwombaji anaona ina dawa. Hesabu haijatimia? Basi keshokutwa. Tairi? Nitakuunganisha na fundi wangu. Ukimaliza sababu zako tano umebaki huna pa kusimama, unatoa pesa.

Kukataa kunahitaji sentensi mbili, zikizidi sana tatu. Onyesha umemsikia, sema hapana, na kama lipo unaloweza, litaje. "Kaka, nimekusikia, hali ngumu. Pesa ya kukopesha sina mwezi huu. Mgonjwa kesho asubuhi nitampeleka Bugando bila nauli." Akirudia, rudia sentensi yako ya katikati vilevile ilivyo, kwa sauti ileile. Usiongeze kitu. Akirudia mara ya tatu, badilisha habari au washa pikipiki.

"Ngoja nione" ni mbaya kuliko hapana. Mtu ataacha kutafuta kwingine akikusubiri wewe, na ukimwambia hapana jioni atakuwa na haki ya kukasirika. Kama kweli unahitaji kufikiri, taja saa: "nitakujibu leo saa kumi na mbili", kisha jibu.

Kwa mjomba au mtu wa umri wa baba, usikatae kwa ujumbe wa simu. Piga, au nenda. Salimia, uliza hali ya nyumbani, msikilize amalize, ndipo useme. Maneno ni yaleyale. Heshima inakaa kwenye muda uliompa.

Tenganisha pia mkopo na msaada. Kila mwezi panga kiasi ambacho kikipotea hesabu ya bosi haiguswi, hata kama ni elfu kumi. Hicho kitoe na useme wazi ni cha kumsaidia, hakirudi. Kikiisha, kimeisha. Madeni ya zamani, mwandikie kila mmoja peke yake, kamwe si kwenye kundi: kiasi, alichukua lini, na swali moja, "unaweza kuanza na shilingi ngapi wiki hii?" Wengine watalipa elfu mbili mbili. Wengine watakukwepa njiani, na hao angalau hawatakukopa tena.

Binti yangu ana miaka 15, yuko sekondari ya kata hapa Magu. Tulikuwa marafiki. Siku hizi nikimuuliza "shule vipi" anasema "poa", nikiendelea ananiangalia tu. – Baba mwenye wasiwasi

Mzee, swali la "shule vipi" lina jibu la neno moja, naye anakupa hilo neno. Na "kwa nini" kwa mtoto wa umri huo linasikika kama la polisi. Uliza tukio dogo unalolijua: "Ile mechi ya netiboli iliishaje?" au "Yule rafiki yako aliyekuwa anaumwa, amerudi?" Ukiuliza swali moja, toa na habari moja yako, isiyo na mafundisho ndani: bei ya pamba, ng'ombe aliyevunja zizi, ulichokiona gulioni. Mtoto anayeulizwa tu bila kupewa habari yoyote hujiona yuko kizimbani.

Mahali nako kuna uzito. Kumkalisha kiti cha mbele yako mkatazamana ni kikao cha nidhamu, hata ukitabasamu. Wakati mzuri ni mkiwa na kazi mikononi na macho yako kwingine: mkimenya mihogo, mkichambua maharage, mkitembea kwenda kisimani. Simu yako iache ndani. Akisema neno, usirukie. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kimya hicho kitakusumbua wewe kuliko yeye, na mara nyingi baada yake ndipo sentensi ya pili inapotoka, ambayo ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Kisha mrudishie alichosema kwa maneno yako, ukitaja na moyo wake: "Kumbe mwalimu alikusema mbele ya darasa na kosa halikuwa lako. Iliuma." Ukikosea atakurekebisha, na katika kukurekebisha ataeleza zaidi. Usimrudie neno kwa neno kama kasuku, atahisi unamchezea. Kabla ya kushauri, muulize: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute la kufanya?" Karibu kila mzazi anaruka swali hili na kwenda moja kwa moja kwenye "enzi zetu sisi". Na alichokuambia usikipeleke kwa shangazi yake jioni hiyohiyo. Siri ikivuja mara moja, utarudi kwenye "poa" kwa miaka.

Ikitokea akakuambia jambo zito, kuna mtu anamgusa au kumtishia, usipige kelele wala usiulize "ulifuata nini huko". Sema "umefanya vizuri kuniambia, na si kosa lako". Kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au ofisi ya ustawi wa jamii. Namba ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Mume wangu akikasirika ananipiga. Nimesoma safu zenu kuhusu kuongea kwa upole. Nitumie maneno gani ili asinipige? – Mama, Mwanza

Hakuna maneno hayo, mama, na tungekudanganya kukuandikia. Yote tuliyoyasema juu ya sentensi ya kwanza na mapumziko ni kwa watu wawili ambao hakuna anayemwogopa mwenzake. Mtu anayepiga huchagua kupiga. Upole wako hauwezi kubeba mzigo wa mkono wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataa mwanandoa kumpa mwenzake adhabu ya viboko, awe mume au mke.

Ukiumia sana, hospitali kwanza. Polisi utapewa fomu namba tatu, PF3, ambayo daktari ataijaza. Itakuja kuwa ushahidi. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Vitambulisho, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto na nauli kidogo viweke kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba. Siku ya kuondoka usiitangaze. Kwa kawaida sheria inataka shauri la ndoa lipite Baraza la Usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani, lakini huko waambie mapema, ukiwa peke yako, kwamba unapigwa, ili usilazimishwe kueleza mbele yake kisha mrudi nyumba moja.

Mke wangu mwalimu ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu, shule iko upande wa Misungwi. Aliponiambia nikamuuliza nauli ya kila siku itatoka wapi. Amenuna wiki nzima, anasema simjali. Mimi nilikuwa nafikiria bajeti! – Mume, Sengerema

Bajeti ingesubiri hadi kesho yake, kaka. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Shelly Gable na wenzake walichapisha utafiti juu ya namna watu wanavyopokea habari njema za wenzi wao. Waliona njia nne: kufurahi naye waziwazi, kufurahi kwa neno moja la chinichini, kutafuta kasoro, na kuhamia habari nyingine. Ya kwanza ndiyo iliyoendana na mahusiano yenye kuridhisha. Wewe ulitumia ya tatu, na nia yako njema haikuonekana usoni.

Mtu akileta habari ya furaha, acha ulichoshika, mtazame, onyesha furaha usoni na kwa sauti. Kisha uliza maswali mawili yanayomrudisha kwenye tukio lenyewe: "Walikupigia au waliandika barua? Wenzako walisemaje?" Anapoeleza anaifurahia mara ya pili, na safari hii mpo wote. Nauli, nani atamchukua mtoto, nani atapika Jumatano, hayo yana siku yake. (Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hoja ya foleni ya kivuko nayo imekufa.)

Bado hujachelewa. Mwambie: "Ile siku ulileta habari kubwa nikaijibu kwa nauli. Nisimulie tena, ilikuwaje?" Halafu kaa.

Mimi ni mwenyekiti wa kikoba cha akina mama 22 hapa Igogo. Wawili wamekosana kuhusu marejesho yaliyochelewa. Sasa wanarushiana ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, na wengine wameshagawanyika. Nimewaambia "yaishe", hayaishi. – Mwenyekiti

Mama mwenyekiti, "yaishe" halimalizi jambo ambalo hakuna aliyelisikiliza. Kwanza zima jukwaa. Weka mpangilio wa kundi uruhusu viongozi tu kutuma, kisha andika ujumbe mmoja mfupi: jambo hili linatoka hapa, nitakutana na wahusika, kikao kijacho mtapewa taarifa. Usieleze nani ana kosa, usiandike methali. Kila mmoja atadhani unampiga yeye kijembe. Ujumbe wa sauti ni mbaya katika ugomvi kwa sababu unasikilizwa mara kumi na kutumwa kwa marafiki, na kila ukirudiwa hasira inaanza upya, tofauti na maneno ya sokoni ambayo upepo wa ziwa unayachukua.

Onana na kila mmoja peke yake, siku moja ikiwezekana, na kwa muda uleule. Ukikaa saa mbili kwa mmoja na dakika kumi kwa mwingine, hukumu imeshatolewa. Waulize: nini kilitokea, nini hasa kinakuuma, na nini kikifanyika utaridhika. Mara nyingi utakuta deni si tatizo. Kinachouma ni kuitwa "mkopaji" mbele ya wakwe waliomo kwenye kundi. Usibebe maneno ya huyu kwenda kwa yule, hata yale mazuri.

Kisha wakutane mbele yako na mwekahazina. Mezani kuwe na katiba ya kikundi na daftari la mikopo. Tarehe na kiasi visomwe kwanza, kwa sababu hapo hakuna la kubishana. Baadaye kila mmoja azungumze dakika tano bila kukatizwa, na mwenzake aeleze alichosikia mpaka msemaji aseme "ndivyo". Hatua hii inachosha na mtaona kama mchezo wa watoto, msiiruke. Deni litatuliwe kwa katiba: faini ni ipi, litalipwa lini. Matusi yatatuliwe kando, na kama yalisemwa kwenye kundi, radhi nayo isemwe kwenye kundi. Makubaliano yaandikwe: nani, nini, tarehe, sahihi. Kama mmoja wao ni ndugu yako, mwachie makamu akiendeshe hicho kikao. Hata ukiwa mwadilifu kiasi gani, hakuna atakayeamini.

Kwenye msiba wa baba, Ukerewe, nilimtukana kaka yangu mkubwa mbele ya ukoo kwa ajili ya shamba. Baadaye nilimtumia ujumbe: "Kama nilikukwaza naomba unisamehe." Hajajibu, miezi inapita. – Mdogo mtu

Ujumbe wako ulimwachia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba alikwazika. Ukoo mzima uliona. Hakuna "kama" hapo.

Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2016, waligawa radhi katika vipande sita: kusema unajuta, kueleza kilichotokea, kukubali kosa kuwa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba msamaha. Walipowauliza watu, kipande kilichokuwa na uzito kuliko vyote kilikuwa kukubali kosa. Kilichofuata ni kujitolea kurekebisha. Kuomba msamaha kulikuwa na uzito mdogo kuliko vyote, nacho ndicho pekee ulichotuma.

Kwa kuwa ni kaka mkubwa na jambo lilikuwa la ukoo, usiende kwa simu. Mtangulize mzee anayeheshimiwa na ninyi wote, baba mdogo au shangazi, aombe siku. Ukifika, sema mwenyewe, mzee asikusemee: "Kaka, siku ya msiba nilikuita mwizi mbele ya ukoo. Nilikosea, na kosa ni langu. Nilikuvunjia heshima siku tuliyokuwa tunamzika baba. Nataka nirudie maneno haya mbele ya walewale waliosikia, siku utakayoona inafaa." Usiongeze "lakini na wewe". Usieleze sana hali uliyokuwa nayo; maelezo marefu yanageuka utetezi. Akikulaumu, msikilize amalize, hata akizidisha. Usimtake jibu siku hiyo.

Akikubali, rudieni mbele ya ukoo kwenye shughuli itakayofuata, kwa maneno machache, kabla ya chakula. Akikataa, heshima ulizokuwa unampa ziendelee: salamu, kwenda kumwona akiugua, kumwalika kwako. Lile shamba lisiingie katika safari hii hata akilitaja yeye. Mwambie mtapanga siku, mkae na wazee na karatasi za mirathi mezani.